Ukimwondolea mgonjwa wa kiharusi dawa, andika sababu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Barua hii ni ndefu kuliko zile mnazozoea kuchapa. Ikibidi kupunguza, punguzeni popote, ila sehemu ya daftari muiache kama ilivyo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Rungwe, upande wa Katumba. Nimefundisha miaka 34. Mume wangu alikuwa karani wa mizani kwenye banda la kununulia majani mabichi ya chai, mpaka macho yalipoanza kumsumbua. Presha yake iligundulika mwaka 2017, akapewa vidonge, akavimeza miezi michache, kisha akaviacha kwa kuwa hakujisikia kuumwa. Nami nilimwona akiviacha na sikusema kitu. Nalieleza hilo mapema ili msomaji asidhani nimekuja kuwatwisha madaktari mzigo wote. Nyumba yetu ndiyo iliyokosea kwanza.

Asubuhi moja ya Julai 2021, baridi ile ya kwetu ambayo mtu habanduki jikoni mpaka jua lipande, alikuwa ameketi karibu na moto anakunywa chai. Kikombe kikamtoka. Hakukirusha wala hakikumteleza. Mkono wa kulia ulilegea tu, chai ya moto ikamwagikia gotini, na yeye akabaki anaitazama kana kwamba imemwagikia mtu mwingine. Nikamwita. Akageuka, mdomo umekwenda upande. Alitaka kusema neno, likatoka limevurugika kama la mtu anayezungumza huku anatafuna.

Wiki 2 kabla ya hapo mkono huohuo ulikuwa umemfa ganzi kwa dakika kama 10, ukarudi. Tukasema ameulalia. Baadaye nilielezwa kwamba kile kilikuwa kiharusi cha kupita, na kwamba siku ile ndiyo tulipaswa kukimbilia hospitali.

Jirani wa kwanza kufika alishauri apelekwe kwenye maombi kabla ya yote. Wa pili akasema ni upepo mbaya. Mwanangu hakuwajibu, alimpigia simu mwenye Noah, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumeshapita ukungu wa Isongole tunateremka Uyole. Hospitalini mjini wakampiga CT-Scan, picha ya ndani ya kichwa. Daktari aliyeisoma ile picha aliniita pembeni akasema, "Mama, huyu mshipa umeziba, haukupasuka." Niliitikia tu. Uzito wa maneno hayo niliujua baadaye sana.

Siku ya 9 tukaruhusiwa. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa kulikuwa na dawa 4: amlodipini miligramu 10 na losatani miligramu 50 kwa ajili ya presha, aspirini ndogo ya miligramu 75 ya kuzuia damu isigande ndani ya mishipa, na atovastatini miligramu 40 ya kushusha mafuta kwenye damu, hiyo ya usiku. Sista mmoja wa wodi ile, Mungu ambariki, aliniketisha kwenye benchi la korido akazitoa zote kwenye mfuko, akanifundisha moja moja kama nilivyokuwa nikifundisha darasa la kwanza. Halafu akaniambia jambo ambalo nimelishika mpaka leo: "Mama, hizi hazimrudishii mkono. Mkono utarudishwa na mazoezi. Hizi ni za kuzuia kiharusi kingine kisije. Hatazisikia zikifanya kazi, ndiyo maana watu wanaziacha."

Nilinunua daftari jipya, nikalifunika kwa jalada la nailoni kama ya wanafunzi wangu. Wasomaji wa miji mikubwa huenda hawajui, lakini huku kwetu daftari ndilo faili la mgonjwa. Unalinunua dukani mwenyewe, unalibeba kwenye kikapu pamoja na vidonge, daktari anaandika, unarudi nalo nyumbani. Kurasa za mbele nilibandika nakala ya karatasi ya kuruhusiwa. Kila mwezi nikawa nachora safu 3 kwa rula: tarehe, presha, dawa.

Miezi mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri. Akaanza kushika kijiko. Akaanza kutembea mpaka kwenye migomba na kurudi, akiwa ameshika fimbo. Maneno yalikuwa mazito lakini yalieleweka, na jioni alikuwa akinisimulia habari za redio.

Oktoba tukaenda kliniki kwenye kituo kilicho karibu na nyumbani, ambacho sitakitaja. Daktari wa siku ile alikuwa kijana, mpole, ndiyo kwanza tunakutana naye. Alimwamkia mume wangu "Shikamoo baba" kabla ya kukaa, na hilo nililipenda. Nje ya mlango benchi zote zilikuwa zimejaa, watoto wanalia, na nesi alikuwa ameshaingia mara 2 kuweka madaftari mengine juu ya meza. Presha ikasoma 124 kwa 76. Daktari akatabasamu. Akauliza maswali machache, akashika kalamu, akaandika mstari mmoja: tarehe, presha, amlodipini miligramu 10, vidonge 30.

Nikamuuliza, "Dokta, na zile nyingine 3?"

"Mama, presha imekaa vizuri kabisa. Dawa nyingi si nzuri kwa mzee. Hii inatosha kwa sasa."

Mgonjwa mwingine akawa ameshaingia. Sikuuliza zaidi. Mume wangu njiani alikuwa na furaha ya mtu aliyesamehewa deni, maana vidonge hakuvipenda hata siku moja. Mimi nilikuwa na wasiwasi, nikaumeza. Nilijiambia kwamba aliyesoma udaktari ni yeye.

Machi 2022, usiku wa manane, mvua ikipiga bati kiasi cha kutosikilizana, mume wangu alinishika bega. Alifungua kinywa, hapakutoka kitu. Safari hii gari tulilipata alfajiri.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Hospitalini alimpokea daktari mwanamke, mtu wa makamo. Baada ya CT-Scan kuonyesha tena kuwa mshipa umeziba, aliomba daftari. Akasoma karatasi niliyoibandika mbele. Akafunua mbele, akarudi nyuma, akafunua tena. Akaniuliza:

"Nani alisimamisha aspirini?"

Nikamweleza.

"Kwa nini? Alitapika damu? Alipata choo cheusi? Ilimletea mzio?"

Sikujua.

"Na losatani? Alikuwa anaanguka? Figo zake zilipimwa? Na hii ya mafuta, misuli ilikuwa inamuuma?"

Sikujua. Akageuza daftari akaangalia jalada la nyuma, labda kuna kitu kimeandikwa huko. Hakukuwa na kitu. Alinitazama bila ukali akasema, "Mama, nikimrudishia aspirini mtu ambaye tumbo lake limewahi kuvuja damu, ninaweza kumuua. Nisipomrudishia, kiharusi cha tatu kinaweza kuja. Mwenzangu alikuwa na sababu, ila mimi siioni." Ikabidi mume wangu apimwe wingi wa damu, apimwe choo, na zipite siku 3 kabla ya kurudishiwa aspirini, ikiwa na omeprazoli ya kulinda tumbo. Siku 3 za mtu mwenye mshipa ulioziba, zinapita kwa ajili ya sentensi moja ambayo haikuandikwa.

Ni binti yangu, ambaye ni muuguzi, aliyenikumbusha tulipokuwa kwenye benchi. "Mama, siku ile yule daktari hakumuuliza Baba kuhusu tumbo?" Nikakumbuka. Alimuuliza, "Tumbo halikusumbui, baba?" na mume wangu akajibu, "Linaniunguza kidogo." Kumbe pengine aspirini iliondolewa kwa hofu ya vidonda vya tumbo. Kama ndivyo, ni sababu ya haki, tena ya mtu makini. Losatani pengine iliondolewa kwa kuwa presha ilikuwa imeshuka vya kutosha. Ile ya mafuta pengine haikuwapo stoo siku hiyo. Sababu 3 tofauti, na kila moja ilikuwa na dawa yake: ya kwanza ingetosha kuongezewa kidonge cha kulinda tumbo, ya pili kupunguzwa kipimo, ya tatu kununuliwa duka la dawa Tukuyu. Mimi nimebaki na "pengine" 3 na mume asiyeweza kunisimulia habari za redio.

Siwezi kuapa kwamba kiharusi cha pili kililetwa na kuondolewa kwa dawa zile. Hata anayezimeza zote anaweza kupata kingine. Lakini yule mama daktari alinieleza jambo kuhusu ile "presha imekaa vizuri". Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi mbalimbali kwa watu 6,105 waliowahi kupata kiharusi au kile cha kupita. Kundi moja lilipewa dawa za presha, jingine vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa walipungukiwa na viharusi vipya kwa asilimia 28, na waliopewa dawa 2 kwa pamoja walipungukiwa kwa asilimia 43. Wakafaidika hata wale ambao presha yao haikuwa juu. Maana yake ni kwamba kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi, namba nzuri kwenye mashine haitoshi kuwa sababu ya kumpunguzia dawa. Namba ile ni nzuri kwa sababu anazimeza. Nikifikiri mwaka 2017 tulivyoviacha vidonge kwa hoja hiyohiyo, naona sisi wanakijiji na daktari kijana tuliteleza mahali pamoja.

Na sisemi kwamba kila mgonjwa apewe dawa zote bila kuangalia. Ngoja nieleze la jirani yangu.

Mwaka jana baba wa jirani yangu, mzee wa zaidi ya miaka 80, alipooza upande wa kushoto. Jirani alikuja kwangu jioni, kanga imelowa mvua, akaniomba vidonge vichache vya aspirini vya mume wangu, "kwa kuwa ugonjwa ni ule ule, mwalimu." Nilikuwa nimeshafungua kopo. Ndipo ile sentensi ya siku ya kwanza ikanirudia: umeziba, haukupasuka. Kiharusi kiko cha aina mbili. Kuna mshipa unaoziba, na huo ndio unaohitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Kuna mshipa unaopasuka na damu ikavuja ndani ya ubongo, na huyo ukimpa aspirini unaweza kumwongezea kuvuja. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mdomo unakwenda upande vilevile, mkono unalegea vilevile. Hata daktari bingwa anahitaji picha. Nikafunga kopo, nikamwambia ampeleke mzee hospitali usiku uleule, nikampa na nauli.

CT-Scan hakupigwa, uwezo haukuwapo. Alirudi na dawa za presha peke yake, ambazo zinafaa kwa aina zote mbili. Lakini jirani yangu aliponiletea daftari nimsomee, niliona maandishi haya, kwa kalamu ya bluu, herufi zinazosomeka:

"CT haijafanyika. Haijulikani kama ni kuziba au kuvuja. Aspirini isianzishwe mpaka ipigwe picha. Mtoto wake ameelezwa, amekubali."

Mistari 2 na nusu. Nilikaa na daftari lile mapajani muda mrefu. Daktari aliyeandika pale hakuwa na mashine, hakuwa na bingwa wa kumuuliza, na nina hakika nje ya mlango wake benchi zilikuwa zimejaa kama zile za kwetu. Aliamua kutompa dawa, na uamuzi huo ukabaki unaonekana. Mzee yule alipopelekwa zahanati miezi 2 baadaye akiwa na homa, tabibu wa pale aliukuta, akaelewa, hakumwongezea aspirini kwa kukisia. Tena familia yenyewe inajua wanasubiri nini. Jirani yangu ameanza kuweka akiba ya hiyo picha kwa kuuza ndizi.

Tofauti ya wagonjwa hawa wawili ndiyo inayonifanya niandike.

Binti yangu alinieleza jinsi Uingereza wanavyofanya. Kule mtu anaandikishwa kwenye kituo cha madaktari wa familia cha eneo lake, na akitoka hospitali na kiharusi barua inakwenda kwenye kituo hicho, na daktari wa hapo ndiye anayeamua kuendeleza dawa za kinga, kuziongeza au kuzisimamisha. Mwaka 2004 sehemu ya malipo ya madaktari hao ilifungamanishwa na kumbukumbu zao, ikiwamo presha ya wagonjwa waliowahi kupata kiharusi na kama wanapewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Mgonjwa ambaye hakupewa, daktari aliruhusiwa kumtoa kwenye hesabu kwa kuandika sababu: dawa ilimdhuru, haimfai kwa sababu ya ugonjwa mwingine, ameelezwa akakataa. Mambo ya malipo waachiwe wenyewe. Mimi nimeshika hapo penye sababu. Wao wana kituo kimoja kinachomtunza mgonjwa, na bado waliona kumbukumbu ya kichwani haitoshi. Sisi tunaokutana na daktari mpya kila mwezi, leo tabibu, kesho daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, keshokutwa yule wa kwanza amehamishiwa wilaya nyingine, tunahitaji maandishi kuliko wao.

Najua maamuzi haya ni magumu. Nimekaa kwenye vyumba hivyo miaka sasa, na nimesikia mengi ambayo mgonjwa hayaoni. Mzee mwenye presha iliyoshushwa mno akisimama usiku kwenda chooni anapata kizunguzungu, anaanguka, anavunjika nyonga, na hapo kinga imegeuka madhara. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio anahitaji dawa kali zaidi ya aspirini, na baadhi ya dawa hizo zinadai kupima damu mara kwa mara, wakati mgonjwa anaishi mwendo wa bodaboda mbili kutoka penye kipimo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu, mwenye kusahau, mwenye dawa za sukari 3 tayari. Na kuna umaskini. Nimemwona mama dukani akikatiwa vidonge 10 kwa mkasi kutoka kwenye pakiti kwa sababu hela yake iliishia hapo, na kipande alichopewa hakikuwa hata na tarehe ya kuisha. Mimi bima yangu ya ustaafu inatufunika wawili, nashukuru. Daktari anayemwandikia mama yule dawa 4 akijua atanunua 1 ana haki ya kufikiri ni ipi itangulie. Afikiri hivyo, na aandike hivyo: "Kipaumbele presha, uwezo mdogo, dawa ya mafuta iongezwe akipata."

Na dirisha la dawa nalo lina sehemu yake. Maneno "imesimamishwa", "imeisha stoo" na "haitolewi ngazi hii" ni mambo matatu, lakini mgonjwa akirudi nyumbani na mfuko mwepesi, yote matatu kwake ni moja: daktari kaona haihitajiki tena. Nimewauliza wenzangu tunaokaa nao benchi la kliniki, watu 6 siku moja, kila mmoja ambaye dawa yake ilipungua. Wanne hawakujua ni kwa nini. Hiyo si takwimu, ni benchi moja tu la Rungwe.

Siku hizi hospitali nyingi zimeingia kwenye kompyuta, jambo jema. Lakini nimeona daftari linazidi kuwa tupu kadiri kompyuta inavyojaa. Daktari anapiga chapa, mgonjwa anaondoka na vidonge na mkono mtupu, na kompyuta ya kituo kimoja mara nyingi haisomwi na kituo kingine. Siku ya usiku wa manane na mvua, kitu pekee kinachopanda gari pamoja na mgonjwa ni daftari.

Mume wangu enzi za mizani alikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Mkulima akileta majani mawili na chipukizi, anapima, anaandika kilo. Akileta yaliyokomaa, au yaliyochemka ndani ya gunia kwa kukaa juani, anayakataa, na mbele ya jina la mkulima anaandika: "yamekomaa", "yamechemka". Walikuwa wakimjia juu, tena kwa sauti, lakini karani wa zamu nyingine akikifungua kitabu alijua kilichotokea jana, na mkulima alijua cha kurekebisha kesho. Majani ya chai kilo 12 yaliandikiwa sababu.

Ninaloomba kwa waganga wafawidhi wa vituo na hospitali za nyanda zetu hizi, kuanzia Iringa na Njombe mpaka Songwe, halihitaji bajeti ya serikali. Chongesheni muhuri. Mbeya mjini mafundi wa mihuri wapo. Uwe na mistari 4: dawa iliyoondolewa au kupunguzwa, sababu, nani ameamua, na kama mgonjwa au ndugu ameelezwa. Upigwe kwenye daftari kila dawa ya kinga inapobadilishwa kwa mtu aliyewahi kupata kiharusi. Na hospitali kubwa zinapomruhusu mgonjwa ziandike kwa Kiswahili, juu kabisa ya karatasi, kama mshipa uliziba au ulipasuka, kama picha ilipigwa au haikupigwa, na dawa ipi ni ya maisha yote. Watakaoisoma nyumbani ni watu kama mimi.

Wanangu madaktari vijana, najua mnachoka. Wengi wenu mmepita mikononi mwetu walimu, na mwandiko wenu tuliusahihisha sisi. Mwenzenu yule wa Oktoba simchukii. Nilikwenda kumtafuta mwaka jana nimwambie kilichotokea, ili ajue tu, nikaambiwa amekwenda kusoma. Natumaini anasoma vizuri.

Nanyi mnaouguza, msitoke chumbani kabla hamjauliza "kwa nini". Mimi sikuuliza mara ya pili, na benchi lililojaa nje lisingeniua kwa dakika moja zaidi. Wala msiwagawie majirani dawa zilizobaki.

Mume wangu leo ana maneno 3 yaliyobaki: "ndiyo", "hapana", na "ndaga", ambayo kwa Kinyakyusa ni asante. Anatembea kwa fimbo mpaka barazani. Anameza dawa zake zote bila ubishi, mwenyewe anafungua kiganja. Kwenye daftari nimeongeza safu ya 4 kwa rula na juu yake nimeandika "Sababu". Mwezi uliopita daktari wa zamu aliiona, akaniuliza ni ya nini, nikamweleza kwa kifupi maana watu walikuwa wengi. Akampima mume wangu akiwa amekaa, akampima tena akiwa amesimama, kisha akaandika: "Losatani imepunguzwa hadi mg 25. Presha akisimama 102 kwa 60, kizunguzungu. Nyingine ziendelee."

Tulipofika nyumbani nilimsomea mstari huo. Akaniashiria nimpe daftari, akaupitisha kidole cha mkono wa kushoto mpaka mwisho, kama alivyokuwa akikagua kitabu cha mizani. Akasema, "Ndaga."

Mwalimu mstaafu,
Rungwe, Mbeya